Kuhani wa Misri na mchi utekao maji

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Katika ngano za Wagiriki na Warumi, kila anapotokea kuhani wa Misri huwa mchawi: mara afufue maiti, mara asemeshe vitu. Walikuwa hivyo kweli, au walisingiziwa?

JIBU: Marahaba. Walisingiziwa, ila na wenyewe walichangia.

Nahisi umeshakutana na Pancrates, yule kuhani wa Misri katika kisa cha Lucian, mwandishi wa tashtiti wa karne ya 2. Kichwa kimenyolewa, kavaa kitani, na inasemekana alikaa miaka 23 chini ya ardhi akifundishwa uganga na Isis, mungu wa kike wa Misri. Huchukua mchi, akauvika nguo, akaunenea, nao ukaenda kuteka maji. Rafiki yake Eucrates akajibanza gizani akalinasa neno la kuuamsha. La kuunyamazisha hakulipata. Maji yakajaa nyumba nzima. Akashika shoka, akaupasua mchi katikati, na sasa watekaji wakawa wawili! Nami hucheka kila nikiisoma. Lucian mwenyewe anawacheka wanaosadiki.

Lakini kile kichwa kilichonyolewa na kile kitani si chumvi. Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 5 KK, alishaandika kwamba makuhani walinyoa mwili mzima kila baada ya siku moja, wakaoga maji baridi mara mbili mchana na mara mbili usiku. Warumi walipotawala wakaufanya unadhifu huo kuwa sheria: kuhani akivaa sufu au akifuga nywele, faini. Hata kumtahiri mwanawe alihitaji kibali cha serikali. Hekaluni waliingia kwa zamu. Mwaka 238 KK makundi ya zamu yaliongezwa kutoka manne hadi matano. Mchawi gani huyo anayesubiri zamu yake?

Wengine walikuwa wasomi hasa. Manetho aliandika historia ya Misri kwa Kigiriki. Chaeremon inasemekana alimfundisha Nero, aliyekuja kuwa mtawala wa Roma.

Na mchango wao? Soma hekaya ya Setne, iliyoandikwa kwa Kimisri enzi za akina Ptolemy, wafalme wa asili ya Kigiriki waliotawala Misri kabla ya Warumi. Huyu Setne ni Khaemwaset, mwana wa farao Ramses II, naye alikuwa kuhani mkuu wa mungu Ptah kule Memphis. Anavunja kaburi la watu akaiba kitabu cha uganga cha Thoth, mungu wa maandishi. Hapo hakuna Mgiriki wa kulaumiwa. Kikamtokea puani, na akalazimika kukirudisha mwenyewe, fimbo ya panda mkononi, chetezo cha moto kichwani.