Baba Amezikwa Ugenini, Tumkumbukeje?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Baba yetu alizaliwa Palma, Msumbiji. Alivuka Ruvuma kwa mtumbwi akiwa kijana, kabla ya uhuru wetu, akikimbia kazi za kulazimishwa za Wareno. Alikata mkonge Kikwetu, Lindi, kisha akawa kuli bandarini Mtwara mpaka mgongo ulipokataa, akamalizia kwenye mikorosho yake. Alifariki mwaka jana. Sandukuni mwake tumekuta kipande cha kazi ya mkonge, alama za siku hazikufika thelathini. Kaka anataka tuuze korosho kwa walanguzi wa kangomba zingali mtini, tumfanyie hitima kubwa. Na jirani kasema aliyezikwa ugenini hana wa kumrehemu. Rafiki yake wa mkonge yu hai huko Lindi. Tufanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Allah amrehemu mzee wetu, na akupeni subira.

Nianze na neno la jirani, maana naona ndilo lililokuchoma. Alifariki mtu Madina, na ndiko alikozaliwa. Mtume (s.a.w.) akamswalia, kisha akasema laiti angefia pasipo mahali alipozaliwa. Maswahaba wakauliza: kwa nini? Akawajibu kwamba mtu akifia pasipo mahali alipozaliwa, hupimiwa Peponi toka hapo alipozaliwa hadi zilipokoma nyayo zake. Wameipokea Nasai na Ibn Majah. Sasa mwanangu, Palma iko wapi na Mtwara iko wapi? Baba yako alizitembea nyayo zile kwa miguu yake.

Hicho kipande kitunze. Wasomaji wadogo huenda hawakijui: siku moja ya kazi ilikuwa alama moja, na mshahara haukutoka mpaka siku 30 zitimie. Mtu akiugua katikati, alisubiri. Nimewahi kushika mkono wa mzee aliyekata mkonge, makovu ya miba yamejaa hadi kwenye kiwiko. Mola hasubiri kipande kijae: “Anayetenda chembe ya wema atauona.” Na Mtume amesema hakuna aliyekula chakula bora kuliko kile alichokichuma kwa mikono yake, na kwamba Nabii Daud alikula kwa kazi ya mikono yake. Ameipokea Bukhari.

Ama hitima, wanachuoni wamekubaliana kuwa dua na sadaka humfikia maiti. Hitilafu ipo kwenye kisomo, nami sitawagombanisha ndugu kwa hilo. Lakini hiyo kangomba hapana. Mtume amekataza kuuza matunda mtini kabla hayajaonyesha kukomaa, na mnunuzi wa kangomba hula jasho la mkulima kwa bei ya kutupa. Isitoshe ile mikorosho sasa ni mirathi. Mama yenu ana thumni yake, yaani moja ya nane, na kama yupo mrithi ambaye hajabaleghe, fungu lake haliguswi kwa pilau ya mtu yeyote. Mwambie kaka yako kwa upole. Naye anasukumwa na mapenzi.

Saad bin Ubada alipofiwa na mama yake alimtolea sadaka bustani nzima. Nyinyi mkiridhiana warithi watu wazima, wekeni wakfu mikorosho miwili mitatu kutoka kwenye mafungu yenu, mapato yanunue maji ya msikiti kila msimu. Na kila swala sema: “Mola wangu, warehemu kama walivyonilea nikiwa mdogo.”

Limebaki moja, ambalo hukuliuliza. Ibn Umar alikutana njiani na bedui, akampa punda aliyempanda na kilemba cha kichwani mwake. Wenzake wakashangaa. Akasema baba wa huyu alikuwa kipenzi cha baba yangu, na nimemsikia Mtume akisema wema ulio bora ni mtu kuwaunga wapenzi wa baba yake. Ipo kwa Muslim.

Basi panda gari uende Lindi. Mpelekee yule mzee mchele na sukari, ukae naye kutwa, uandike kila jina la ndugu za baba analolikumbuka. Kuvuka mwenyewe kwenda Palma sikushauri. Tangu machafuko ya Cabo Delgado, jimbo ilimo Palma, yaanze 2017 njia ile haijatulia. Anza na simu, na watu waliokimbilia huku. Lakini kwa mzee nenda wiki hii.

Wallahu a'lam.