Kufungwa maisha? Hapana, ila faini peke yake ni mzaha

Kaka, unataka kila dereva aliyegonga mtu akafa afungwe maisha. Hasira yako naielewa, ila aliyeua kwa kukusudia na aliyeua kwa ujinga wa mwendo hawalingani. Huyu wa pili mpe miaka ya jela, leseni aisahau kwa muda mrefu. Faini peke yake analipa baba, dogo anarudi barabarani.

Kwenye makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa, ipo kwenye Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973. Sasa njoo huku Mtwara msimu wa korosho, pesa za mnada zikishaingia. Pikipiki mpya, siti bado ina nailoni, bomba la moshi limeshatobolewa ili lipige kelele, kijana kaipasua mtaani saa ambayo watoto wanatoka madrasa. Leseni hana. Bima pia hana, kwa hiyo akiua, wafiwa wanaambulia ubani tu.

Mimi ningemshtaki na aliyempa ufunguo, hata kama ni mjomba wake (na mara nyingi ndiye). Na matuta tuwekewe sasa, tusisubiri msiba.