Maswali na majibu: Mbona sarafu haikutoa nusu kwa nusu?

Shikamoo mwalimu. Tulirusha sarafu ya 200 mara 20. Karume akatokea mara 13, simba mara 7. Kitabu kinasema nusu kwa nusu. Tumekosea wapi? (Mwanafunzi, Ujiji)

Marahaba. Hamjakosea, na msifute chochote. Huniuma sana kuona mwanafunzi anafuta 13 aandike 10 ili jibu litoke. Nusu ni uwezekano wa kinadharia: tunaupata kabla ya kurusha, kwa kuwa pande ni mbili na hakuna unaopendelewa. 13/20, yaani 0.65, ni uwezekano wa majaribio: mmeuona kwa macho. Kwa mirusho 20 tu, kuachana hivyo au zaidi hutokea zaidi kidogo ya mara 1 katika kila 4.

Ongezeni mirusho. Mwanahisabati John Kerrich, aliyezuiliwa Denmark wakati wa Vita Kuu ya Pili, alirusha sarafu mara 10,000. Baada ya mirusho 100 alikuwa na vichwa (upande wenye sura) 44; mwishoni vilifika 5,067. Hapa tazameni vizuri: mwanzo alipungukiwa vichwa 6 kufikia nusu, mwisho vikazidi nusu kwa 67. Idadi iliyopishana imekua, lakini sehemu imetoka 0.44 ikafika 0.5067. Kinachosogelea nusu ni hiyo sehemu.

Simba ametoka mara tano mfululizo. Ya sita si lazima Karume? (Bodaboda, Mwanga)

Hapana, kaka. Sarafu haijui ilichotoa mwanzo. Ya sita ni nusu vilevile. Anayekwambia uongeze dau kwa sababu "zamu yake imefika" atakumalizia hela ya mafuta.

Kwenye dadu mbili, kwa nini jumla ya 7 hutoka mara nyingi kuliko 12? (Kasulu)

7 ina njia 6 kati ya 36, 12 ina moja tu: 6 na 6.

Wanangu hupiga kura kwa kurusha kizibo cha soda, nani aoshe vyombo. Kuna haki hapo? (Mama lishe, Kibirizi)

Mama, pande mbili hazitoshi; lazima zilingane. Kizibo kina mgongo upande mmoja, meno upande mwingine, kwa hiyo huwezi kusema nusu kwa kukitazama tu. Hapa majaribio ndiyo yanayotangulia. Warushe hichohicho kimoja mara 200, kwenye sakafu ileile, mmoja akiandika. Kikipindapinda, waanze upya na kingine, maana hesabu ya kizibo cha kwanza haikihusu cha pili.