Barua kwa mwanangu: karavani inapotikisa mkia

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Unauliza kwa nini karavani, hiyo nyumba yenu ya kuvutwa na gari, ilianza kuyumba mlipofika kilomita 80 kwa saa, na kama wewe na mwenzio mtafute gari lenye nguvu zaidi kabla ya kuingia njia za mashambani. Gari liacheni. Tatizo liko chini ya kitanda cha nyuma.

Yale madumu mawili ya maji ya lita 20 ni kilo 40. Baiskeli mlizofunga nyuma, tuseme kilo 30. Karavani hukaa juu ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu, kama mizani: ukizidisha nyuma, pua, yaani ncha ya mbele inayoungwa na gari, inainuka. Ikiwa kutoka ekseli hadi kwenye kiungo cha gari ni mita 4, na madumu yako mita 2 nyuma ya ekseli, hayo pekee yanapunguza kilo 20 puani. Baiskeli, kwa kuwa ziko mbali zaidi, zinapunguza karibu nyingine 20. Pua ikishakuwa nyepesi, upepo wa lori linalowapita unatosha kuutikisa mkia.

Pua inatakiwa ibebe asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa karavani ikiwa na mizigo yote. Yenu ikiwa kilo 1,200, hiyo ni kati ya 60 na 84, lakini msivuke kiwango kilichoandikwa kwenye chuma cha kuvutia na kwenye kitabu cha gari. Kupima ni rahisi: egesheni mahali tambarare, wekeni mizani ya kupimia watu chini ya kiungo, simamisheni kipande cha mbao katikati chenye urefu wa kufanya karavani ikae sawasawa, kisha inueni kigurudumu cha mbele mpaka uzito wote uwe juu ya mbao. Someni. Ikipungua, vitu vizito visogezwe juu ya ekseli, sakafuni. Makabati ya juu ni ya nguo na mikate. Ila msirundike kila kitu mbele, maana gari litakaa matako chini na usukani utakuwa mwepesi, nao ni ugonjwa mwingine.

Ikiyumba tena njiani, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, subiri. Usikanyage breki kwa nguvu, wala usiongeze mwendo eti uinyooshe. Huo ushauri wa vijiweni umepindua karavani nyingi. Na mteremkoni, shusha gia kabla hujaanza kushuka, si katikati.

Matairi: msidanganyike na kashata, yale meno ya tairi. Tairi la karavani huzeeka likiwa limesimama. Ubavuni kuna tarakimu nne. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likipita miaka saba, au likiwa na nyufa ubavuni, badilisheni. Gurudumu likifunguliwa na kurudishwa, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hivi, kwa spana yenye kipimo.

Sasa kurudi nyuma, maana njia nyembamba haina pa kugeuzia na mtakutana na trekta. Weka mkono mmoja chini kabisa ya usukani. Unakotaka mkia uende, sogeza mkono upande huohuo. Kidogo, taratibu. Karavani ikianza kujikunja dhidi ya gari, usiisahihishe, songa mbele unyooke ndipo uanze upya. Mmoja ashuke asimame nyuma upande wa dereva. Dereva asipomwona kwenye kioo, asimame papo hapo. Kubalianeni ishara tatu tu za mkono kabla hamjaondoka nyumbani, kwa sababu ugomvi wa wanandoa safarini huzaliwa hapa.

Mkifika kambini, anzeni na kusawazisha kushoto na kulia kwa kupandisha gurudumu moja juu ya mbao, karavani ikiwa bado imeungwa. Breki ya mkono, vizuizi vya magurudumu, ndipo mfungue kiungo. Mbele na nyuma husawazishwa kwa kigurudumu cha mbele. Miguu ya pembeni ni ya kutuliza tu, si jeki. Ukiinulia karavani, inapinda. Kwenye majani, egesheni pua ikielekea mtakapotokea, ikiwezekana kwa kushuka. Mvua ya usiku mmoja inatosha kuwanasa.

Umeuliza pia kuhusu yale matundu ya sakafuni yanayoingiza baridi. Msiyazibe. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hushuka chini na kutokea hapo. Wala msiwashe jiko ili kupata joto: hewa yake chafu haina harufu na huua watu usingizini. Nunueni king'ora cha kugundua hewa hiyo mkifunge kabla ya safari, na mtungi ufungwe kila gari linapotembea.

Nitumie kipimo cha pua mkishapima.

Mama yako