Usimpeleke huyo kijana Walungu kwa sababu ya 76

Papa, acha kwanza kufunga mizigo ya mtoto. Umeandika kwamba wamempima wakampa QI 76, yaani alama ya kipimo cha akili, unauliza kama maana yake ni "akili kidogo", kama umpeleke kwa bibi yake Walungu, na vitabu gani ununue. Mimi nilishapita njia hiyo na binti yangu hapa Bukavu, mpaka leo inaniuma.

Alikuwa na miaka 8. Bwana mmoja alimpima kwa Kifaransa kitupu, mtoto ambaye nyumbani anasema Mashi na Kiswahili. Akamwonyesha picha ya ngazi, akamwuliza kitu hicho kinaitwaje. Mtoto kimya. Kwa Kiswahili angejibu kabla hujamaliza kuuliza. Akaandikiwa 74. Nikarudi nyumbani nikamwambia baba yake, mtoto amesimama pale mlangoni: "Wamesema hana akili."

Hapo ndipo nilipoharibu. Kwetu "hana akili" si habari ya darasani. Anaambiwa mtu asiyesalimia wakubwa, mpumbavu, hata kichaa. Kaka zake wakalishika hilo neno. Nikamtoa shuleni, nikakaa naye soko la Kadutu miaka miwili tukiuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Mteja akitoa noti kubwa kwa makopo matatu, mtoto alishajua chenji wakati mimi bado nahesabu vidole. Lakini nikimtuma mahali ananijibu, "Mama, tuma mwingine, mimi sina akili."

Yule bwana alipokea dola zangu, hakunieleza lolote! Binet na Simon, wataalamu wawili Wafaransa, walitengeneza kipimo chao cha akili Paris mwaka 1905 ili kutambua watoto wanaohitaji kusaidiwa shuleni, si kuwafukuza. Na kwenye QI, alama 100 ni wastani wa watoto wa umri uleule ambao kipimo kilijaribiwa kwao kwanza. Mtoto asiyesikia lugha ya maswali, umempima Kifaransa, basi. Akili yake hujaigusa.

Kwa hiyo kabla ya kuamini namba yoyote, uliza: mtoto aliulizwa kwa lugha gani? Rudi kesho kwa aliyempima umwulize hivyo, uso kwa uso. Akisema Kifaransa, hiyo 76 mwachie mezani kwake, umtafute mtu wa kumpima kwa Kiswahili. Na kama kijana alishaisikia hiyo namba, mkalishe leo jioni umweleze, asilale nayo.