Maswali ya Wasomaji: Mshahara wa miezi 9, chungu cha miezi 12

Swali: Asalamu alaikum wahariri. Mume wangu ni mhudumu wa hoteli huko Bamburi. Mkataba wake huanza Julai na kwisha Machi, kisha hukaa nyumbani miezi mitatu mpaka aitwe tena. Huleta 30,000 mkononi. Mimi napika mahamri na mbaazi mlangoni. Nikitoa unga, nazi, mafuta na gesi ya biashara nabaki na kama 400 kwa siku, siku 24 kwa mwezi. Watoto watatu wanasoma. Kila mwaka ikifika Mei tunakopa kodi. Tunakosea wapi?
*Mama wa watatu, Mikindani*

Jibu: Wa alaikum salaam, mama. Mnakosea Julai, si Mei. Mkataba ukianza, nyumba inakula 30,000 za baba pamoja na 9,600 zako, yaani 39,600, kana kwamba mwaka mzima ni Desemba. Pigeni hesabu hivi: 30,000 mara miezi 9 ni 270,000. Zako 9,600 mara 12 ni 115,200. Jumla 385,200, gawanya kwa 12, inakuja 32,100. Hicho ndicho kipato cha nyumba yenu kwa mwezi, hoteli ijae au isijae.

Basi tangu mshahara wa kwanza wa Julai, 7,500 zitoke siku ile ile zinapoingia. Kwa miezi 9 zinafika 67,500. Aprili, Mei na Juni mnachota 22,500 kila mwezi, mnaongeza 9,600 za mahamri, na 32,100 zinatimia kama kawaida. Mchezo wa kupokezana haufai kwa kazi hii: zamu yaweza kukuangukia Oktoba, na fedha za Oktoba huwa kochi. Wekeni kwenye akiba ya kufungwa, ya SACCO au ya simu, tarehe ya kufunguliwa iwe mwanzo wa Aprili. Ila msifunge zote. Acheni 6,000 mahali pa kufikika, sababu inakuja.

Ndani ya 32,100, kwa nyumba ya ukubwa wenu, mgao unaweza kwenda hivi: kodi 9,000, chakula 11,000, nauli 3,000, maji 1,500, gesi ya nyumbani 1,200, tokeni za umeme 800. Hapo ni 26,500. Zinazobaki 5,600: shule 3,000, Idd 1,000, na 1,600 za ugonjwa na mengineyo. Kodi yako ikiwa juu zaidi, kata kwingine, lakini zile 7,500 usiziguse.

Shule ndiyo inayowaharibia watu mpango. Tuseme Januari inataka 18,000 kwa sababu ya sare, viatu na vitabu, kisha muhula wa pili 9,000 na wa tatu 9,000. Jumla ni 36,000, sawa kabisa na 3,000 kwa mwezi, na hapo mtu huona amemaliza. Hajamaliza. Ukianza kuweka Julai, muhula wa tatu unafungua mwisho wa Agosti ukiwa na 6,000 tu, na ikifika Januari umeweka 21,000 ilhali umetakiwa 27,000. Pengo ni 6,000, na ndizo zile tulizosema zisifungwe. Zikope Januari, zirudishe Februari na Machi kwa 3,000 za shule za miezi hiyo, na akiba ya Aprili itakuwa kamili. Agosti na Mei utakopa 3,000 tu, na kuzirudisha mwezi unaofuata. Iandike kwenye daftari, maana deni la kujikopa mwenyewe ndilo husahaulika upesi.

Kuhusu Idd: Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Ya 2026 iliingia Februari. Ya 2027 inatarajiwa mapema Februari, ya 2028 mwishoni mwa Januari, kwa kutegemea mwandamo. Mwaka 2030 zitakuwa mbili, moja Januari na nyingine mwisho wa Desemba. Yaani nguo za Idd na sare za shule zinasogeleana mwaka hata mwaka, kwa hiyo fungu la Idd lisiwe la kuchokolewa. Na kwako mpika mahamri, mwezi huo asubuhi hakuna mnunuzi. Hamishia karai jioni: kaimati, viazi karai, kachri. Vitoke kuanzia saa kumi alasiri, watu wanaporudi makazini. Ukingoja saa kumi na mbili, walio wengi wameshanunua kwa jirani.

Mawili ya haraka. Kusi likivuma, Juni hadi Agosti, mashua ndogo haziendi mbali, nao samaki hupanda bei. Miezi hiyo mpangie mchuzi wa kunde, mbaazi na dagaa wakavu. Na mkataba ukikatika, makato ya SHA, bima ya afya ya serikali, ya 2.75 kwa mia hukatika nao. Asiye na mwajiri hutakiwa mchango wa mwaka kwa mkupuo, hivyo ulizieni kiasi chenu mwezi wa Machi, kabla mshahara haujasimama.

Swali: Maji ya mfereji hutujia mara mbili kwa wiki, mengine tunanunua kwa mkokoteni. Tuna mapipa matatu uani. Mwaka jana watoto wawili waliugua dengi kwa zamu. Naambiwa ni mapipa. Lakini namwaga maji yote na kuyajaza upya kila mara! Na je, maji ya kisima yakichemshwa yanafaa kunywa?
*Baba Kisauni*

Jibu: Kaka, kumwaga hakutoshi. Mbu wa dengi na chikungunya, mwenye mabaka meupe miguuni na anayeuma mchana, hatagi majini. Hubandika mayai kwenye ukuta wa pipa, juu kidogo ya maji, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi. Ukimwaga yanabaki pale pale. Ukijaza, maji yanayafikia na yanaanguliwa. Toka yai hadi mbu arukaye ni kama siku 7 hadi 10 kwa joto letu. Ndiyo maana kazi hii ni ya kila wiki: pipa likishuka, lisugue ukuta wa ndani kwa brashi ngumu na sabuni, hasa ule mstari wa utelezi, suuza, mwaga. Pangeni zamu, pipa moja kwa siku, msikae bila maji.

Kifuniko cha bati kilichopinda hakizuii kitu. Kata kipande cha chandarua, kifunike mdomo na ukibane kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Usisahau kopo la mswaki, sahani ya chini ya chungu cha maua, na gurudumu kuukuu lililoachwa nyuma ya nyumba.

Mtoto akipata homa, mpeni paracetamol kwa kipimo cha umri na uzito wake, si aspirini wala ibuprofeni, kwa kuwa hizo huongeza hatari ya kuvuja damu. Apimwe malaria vilevile. Angalieni zaidi siku homa inaposhuka, kati ya siku ya 3 na ya 7: tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, fizi kutoa damu, kulegea. Lolote katika hayo ni la hospitali siku hiyo hiyo.

Kisima: kuchemsha huua vijidudu lakini hakutoi chumvi, maji yakipungua chumvi inazidi. Isitoshe visima vyetu vimepita kwenye mawe ya matumbawe, maji ni magumu, sabuni haitoi povu na mbaazi hukaa motoni hata gesi iishe. Wengi hulaumu mbaazi. Tumieni kisima kwa choo na kupigia deki. Mitungi miwili ya lita 20 ya maji matamu kwa siku yatosha kunywa na kupikia kwa watu watano; kwa shilingi 25 mtungi ni 1,500 kwa mwezi. Ya mkokoteni chemsheni, au tieni dawa ya maji kwa kipimo cha kwenye chupa na kungoja dakika 30.

Swali: Kila masika viatu vya shule vinaota ukungu kabatini. Nikifuta unarudi.
*Dada wa Majengo*

Jibu: Vinaingia kabatini vikiwa na unyevu ndani, hata kama nje vimekauka. Vifute kwa siki na maji nusu kwa nusu, vijaze magazeti, ubadilishe magazeti jioni na asubuhi mpaka yatoke makavu, kisha uvipake rangi. Vuta kabati vidole vinne toka ukutani. Jikoni juu ya moto usiviweke, gundi ya soli huachia.

Swali: Narudi kazini mtoto akiwa na miezi mitatu. Nitakuwa nje saa kumi kwa siku, nyanya yake atamlea. Nataka aendelee na maziwa yangu. Nianze lini, kiasi gani, na yatakaaje na joto hili?
*Mama mpya, Changamwe*

Jibu: Hongera. Kwanza, likizo: sheria ya ajira ya 2007 inakupa miezi mitatu kwa mshahara kamili, na mwajiri akiridhia unaweza kuunganisha na likizo yako ya mwaka, ambayo ni siku 21 za kazi. Omba kwa maandishi. Sheria ya afya ya 2017 nayo inamtaka mwajiri akutengee mahali pa kukamulia, si chooni, na muda usiozidi jumla ya saa moja kwa kila saa 8 za kazi, mbali na muda wa chakula.

Anza kukamua wiki mbili au tatu kabla, mara moja kwa siku, baada ya kunyonyesha asubuhi, wakati maziwa ni mengi. Siku za mwanzo hutoka kidogo, yaweza kuwa vijiko viwili tu, usivunjike moyo. Mtoto hutumia kama mililita 30 hadi 40 kwa saa, kwa hiyo saa kumi zinataka 300 hadi 400. Gawa katika vyombo vya mililita 60 hadi 90. Ukiweka chombo kimoja kikubwa, kila anachobakisha ni hasara, maana masalia ya chombo alichokwisha kunywea hayapiti saa mbili.

Kipimo cha saa 4 nje ya friji ni cha joto lisilozidi nyuzi 25. Februari ya Mombasa hupita 30, kwa hiyo kwako yasikae nje. Ukikamua kazini, yaingie kwenye kikasha chenye vibarafu vilivyoganda sawasawa, humo huvumilia mpaka saa 24. Friji siku 4, yakae ndani kabisa, si mlangoni. Andika tarehe, ya zamani yaanze. Umeme ukikatika, mwambie nyanya asifungue friji. Baridi hushika kama saa 4.

Ya kupasha huwekwa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, si jikoni wala maikrowevu, inayoacha sehemu za moto zinazoweza kumuunguza mdomo. Mafuta yakijitenga juu, zungusha chombo taratibu. Na anywe kwa kikombe kidogo, akiwa ameketishwa, maziwa yaguse tu mdomo wa chini ayavute mwenyewe. Kikombe huoshwa kwa urahisi kuliko chuchu ya chupa, na ukirudi jioni hatalikataa ziwa.