Picha ya Zamani Ikiganda Kwenye Kioo, Usiibandue

Msomaji mmoja ameniandikia kwa uchungu: picha ya harusi ya babu na bibi yake imeganda kwenye kioo cha fremu, na ameshauriwa aiweke juu ya mvuke wa birika ili iachie. Usithubutu.

Uso wa picha nyingi za zamani ni tabaka jembamba la jelatini. Jelatini ikipata unyevu huvimba na kulainika, ikikauka imeshika kioo kama gundi. Ukivuta, karatasi inakuja na sura zinabaki kwenye kioo. Kuloweka nako ni kamari: zipo za nyeusi na nyeupe zinazoachia salama majini, lakini iliyopakwa rangi kwa mkono au kuchapwa kwa printa ya wino inaweza kuisha yote.

Kwa hiyo ukarabati ufanyike kwenye nakala. Laza fremu kifudifudi, ng'oa pini ndogo za nyuma kwa koleo, toa ubao, kisha toa kioo pamoja na picha yake. Piga picha mgongo wake hapo hapo, maana muhuri wa studio hufifia na maandishi ya penseli hufutika. Pangusa kioo kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Dawa ya kusafishia vioo ukiipulizia moja kwa moja hupenya ukingoni, ukaongeza ugonjwa.

Skani kioo kikiwa chini, kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), na uhifadhi kama TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha. Picha ya sentimita 10 kwa 15 itakupa takriban pikseli 2,400 kwa 3,500, zinazotosha kuichapa mara mbili ya ukubwa wake. Skani kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe. Kompyuta huijenga picha ya rangi kwa chaneli tatu, yaani tabaka la nyekundu, la kijani na la bluu. Madoa ya njano hujazana kwenye chaneli ya bluu, wakati ile nyekundu mara nyingi ni safi. Tengeneza nyeusi na nyeupe kutoka hiyo nyekundu na madoa mengi yatakuwa yameondoka kabla hujagusa brashi ya kompyuta.

Skana nyembamba huona vizuri kile tu kinachogusa kioo chake, hivyo kioo cha fremu kikiwa kinene utapata ukungu. Hapo tumia kamera: zima flashi, mwanga utoke pembeni, na tundika kitambaa cheusi nyuma ya kamera ili kioo kisirudishe mng'ao.

Kwenye kompyuta anza na mikwaruzo iliyo kwenye mandhari nyuma ya watu, nyuso ziwe za mwisho. Zile programu za kunoa sura kwa mbofyo mmoja mimi sizitaki kabisa, kwani hubuni macho na meno. Utaletewa kijana mtanashati ambaye hajawahi kuzaliwa katika ukoo wenu.

Chapa nakala kubwa, umpelekee mzee anayewafahamu waliomo. Andika majina kutoka kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari, na uulize pia nani alipaswa kuwepo na hayupo. Hayo ndiyo hayamo kwenye picha, na mzee akiondoka huna pa kuyaskani.

Picha halisi ibaki na kioo chake, mahali pakavu, mbali na jua na jiko. Zile ambazo hazijaganda bado, zitenganishe leo na vioo vyake kwa kuweka kati yao fremu ya kadi isiyo na asidi, iliyokatwa dirisha katikati, yenye unene wa milimita 2 hivi.